Phanuel Shiundu, Msomaji wa Picha za Damu ya Ubongo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Boaz, mdogo wake marehemu, familia imeniachia kazi ya kusoma, nikikwama mnivumilie.

Kaka yetu Phanuel alizaliwa tarehe 3 Mei 1957 huko Shinyalu, Kakamega, kifungua mimba wa mama yetu Kavetsa, aliyeketi hapa mbele, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1974, kisha akaja Nairobi, akapanga chumba hapa Kawangware na kupata stashahada ya takwimu mwaka 1978.

Kwa miaka kumi na miwili alihesabu mavuno ya mahindi serikalini, na mwaka 1991 akaajiriwa na maabara moja ya utafiti, ambako ubongo wa panya aliyelazwa kwa dawa ulimulikwa taa na kupigwa picha, sharubu yake ikiguswa, ili ionekane damu inakimbilia wapi. Watu wa mtaa wa Kisumu Ndogo walimwita Daktari wa Panya, nami nilikuwa wa kwanza kucheka. Alitueleza bila kuchoka kwamba badiliko lenyewe la damu ni dogo mno, mapigo ya moyo na pumzi hulifunika, kwa hiyo picha moja haisemi kitu, lazima urudie mara nyingi, ukigusa na usipogusa, kisha ulinganishe wastani. Mwaka 1994 aliitupa kazi yake ya miezi minane akaianza upya, kwa kuwa aliyejua picha zipi ni za kuguswa ndiye huyo huyo aliyezisoma, na jicho linalopenda, alisema, huona linachotaka.

Alikuwa amemwoa shemeji yetu Nereah, muuza omena, dagaa wa ziwani, wa Kisumu Ndogo, tarehe 15 Desemba 1984 katika kanisa hili hili, wakahamia mtaa wa Kianda, Mungu akawajalia Audrey mwaka 1986 na Marvin mwaka 1989, na jioni aliwafundisha hesabu, mama yao akisikiliza huku akichambua omena.

Jumapili tarehe 22 Februari 1998 alipatwa na kiharusi, akalazwa, hakusema tena wala kufungua macho. Kidole chake kilichezacheza, daktari akatuambia kwa upole kwamba ni mishipa tu, lakini Nereah alitaka kujua kama mumewe anamsikia. Alasiri ya Jumatano tarehe 11 Machi alinipa pamba nizibe masikio, akaniambia nimpe mgongo, nitazame kidole kila akinigusa bega, niandike kimecheza au la, naye nyuma yangu akarusha shilingi mara arobaini, ikilala kichwa anamwita kwa jina, ikilala vingine ananyamaza, naye pia akiandika. Tulipolinganisha karatasi zetu, alikuwa amemwita mara ishirini na moja, kidole kikacheza mara kumi na saba, akanyamaza mara kumi na tisa, kikacheza mara mbili. Mimi nililia. Nereah hakulia, aliushika mkono wa mumewe na kumsimulia habari za nyumbani siku tatu mfululizo, mpaka kaka alipotutoka Jumamosi tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao baada ya kuiona karatasi ile walianza kumsalimu kila wakiingia, majirani wa Kianda waliowalea watoto siku zote hizo, na wenzake wa maabara, hasa Bwana Muia, aliyezirudia hesabu zetu akakuta ziko sawa.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, Nereah alikuita, na ulimsikia.