Bi Pua Anastaafu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa uwanja wetu wa ndege, wakuu wa idara, ndugu wa mstaafu mliokuja na watoto wote mkatujazia viti vya mbele, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wa ulinzi mnaosikilizia mlangoni: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano nimuage mama yetu, msimamizi wa usafi wa ukumbi wa kuondokea, ambaye tumemwita Bi Pua kwa miaka kumi na tisa, naye ameitika bila kinyongo. Vitambua moshi vya darini hupiga kelele mkate ukiungua kantini. Sigara ya umeme vinaiacha ipite kama mgeni wa heshima. Nani basi aliyekuwa akiinusa tangu koridoni? Nani aliyewaeleza abiria kwa upole kwamba kifaa hicho, kwa sababu ya betri, hakiwekwi kwenye begi la chini, bali kinapanda na mwenyewe kwenye mkoba wa mkononi, na kikishapanda kinalala?

Mheshimiwa Mkurugenzi ameniruhusu nisimulie kisa kimoja, ila hakuniruhusu nimtaje mhusika. Nitamwita abiria.

Miaka sita iliyopita, siku ya Jumapili, abiria huyo, suti imenyooka, alijifungia chooni, na choo kizima kikanukia stroberi. Bi Pua akagonga mlango. Abiria akajitetea kwamba ule si moshi, ni mvuke tu.

"Baba, mvuke ni wa birika," akasema Bi Pua. "Toka nikupeleke kwenye chumba cha wavutaji."

Akamsindikiza ukumbi mzima, mkono mmoja ndoo, mkono wa pili abiria.

Kesho yake tukapangwa mstari kumpokea mkurugenzi mpya. Naona mmeanza kucheka. Mimi sijataja mtu. Mkataba wa Bi Pua ulikuwa unaisha Ijumaa hiyo, na wa kuusaini ndiye huyo huyo. Alishafunga ndala na kikombe chake kwenye mfuko, nasi tulimwambia asijali, huku tukiwa tumeshaanza kugombea kabati lake.

Alhamisi akaitwa. Akaulizwa kwa nini watu wajifiche chooni ilhali chumba kipo. Bi Pua akampeleka akaone mwenyewe. Waraka wetu ulisema kibao cha kuelekeza abiria kiwekwe katika chumba cha wavutaji, nasi, watu watiifu, tulikipigilia ukutani huko ndani. Ukikiona, umeshafika.

Abiria wetu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Mama, siku ile mbona hukuniuliza mimi ni nani?"

"Ningekuuliza, mwanangu, ningeogopa. Na moshi ungebaki."

Mkataba aliokuja nao mfukoni akausaini pale pale, ameuegemeza kwenye kioo cha chumba kile, na kibao kikahamia nje kabla ya saa sita.

Kwa hiyo, ninyi mnaoachiwa korido hizo, mkinusa, gongeni mlango. Cheo mtauliza baadaye.

Bi Pua, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kuniazima masikio yenu, hasa abiria.