Historia ya Bi Waya, Mwenye Kibaraza

Ndugu waombolezaji, familia imeagiza historia hii isomwe polepole, kwani marehemu hakuwa na subira na mtu anayekimbiza maneno.

Bi Waya, kama wengi mlivyomwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, akiwa kitinda mimba wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari hadi 1971, ambako aliongoza darasa kwa hesabu na kwa ubishi.

Tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa kuwa opereta wa simu, akakaa mbele ya ubao wa waya kwa miaka ishirini na mitano, akiunganisha posa, misiba na ugomvi wa watu, na kwa muda wote huo hakutoa nje hata neno moja alilolisikia, jambo lililowakera sana mawifi zake.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na fundi magari, ambaye tuko naye hapa, wakajaliwa watoto wawili, binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye tarehe 2 Februari 2018 aligombana na baba yake kwa kukataa kurithi gereji, akaondoka na begi moja, akazima simu, na nyumba ikapoa.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka sitini na sita, Bi Waya alianzisha Kibaraza, mtandao wa jumbe fupi wa mtaa huu, kwa kutumia programu huria, yaani iliyoandikwa wazi, ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuiendesha kwake, naye aliiendesha kwenye kompyuta kuukuu juu ya kabati la vyombo, watu mia mbili na kumi wakajiandikisha, wakauziana vitanda, wakatafuta paka waliopotea, wakataniana, bila kusumbuliwa na tangazo lolote.

Mwezi Mei 2020 alijiandikisha mtu aliyejiita Mpita Njia, ambaye aliandika mara chache, lakini kwa utani wa nyumbani kwetu, na Bi Waya akamtambua mwanawe siku hiyo hiyo. Mumewe alimsihi afungue kumbukumbu za mtambo ule wa juu ya kabati, zinazoonyesha kila mtu anaingilia kutoka wapi, ili wamfuate, akisema ni suala la kubonyeza tu, naye akajibu kuwa mtambo ni wake lakini siri si zake, kisha, kwa kuwa hakujiamini, akaibadilisha programu ifute kumbukumbu hizo kila alfajiri, ila jaribio la kwanza likafuta na picha za watu wote, akalazimika kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Alilia kwa uamuzi ule, hilo tuliseme, lakini hakuutengua.

Mwezi Juni 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, huku akiuhudumia mtambo kutoka kitandani, mpaka tarehe 11 Septemba 2024 alipozidiwa, Kibaraza kikazimika siku nne, na siku ya tano mwanawe akabisha hodi, kwa sababu pale alipozoea kumwona mama yake palikuwa kimya. Kwa siku hamsini na mbili mama alimfundisha mwanawe kuuendesha mtambo, akimkaripia kila alipokosea, hadi alipofariki tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliopika na kufagia, maopereta wenzake wa zamani, na wote wa Kibaraza, ambacho kinaendelea.

Wengi mliotoka mbali mmekuwa mkinitazama tangu asubuhi mkijiuliza huyu msomaji ni nani. Mpita Njia ni mimi. Mama hakuniuliza hata mara moja nilikokuwa, basi naomba nimwambie sasa, mbele yenu. Nilikuwa mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa, Mama, na ningeweza kuja siku yoyote.

Pumzika kwa amani.