Jiko la Bibi Rhobi

Nyangi, Simioni, njooni karibu, msiogope hii damu, sikilizeni kabla gari la hospitali halijafika, maana mkunga ananiangalia kwa namna nisiyoipenda, na bibi yenu Rhobi anajifanya anachochea moto ili tusione machozi yake.

Mnajua mimi niliolewa na bibi Rhobi, nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, ng'ombe wa mahari wakatoka kwake, basi ninyi ni watoto wa nyumba hii na shamba hili ni lenu, hata huyu mchanga wa leo, ambaye mtamwita Kornelio, jina la baba yangu hakimu.

Babu yenu alianza kwa kufagia mahakama, akawa karani, akasomea uhakimu, akarudi Tarime kuhukumu na baiskeli yake ileile. Dhahabu ilipoanza, watu wakaacha mihogo wakashuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, ndugu wakashtakiana. Walimtania, "Mheshimiwa, wewe dhahabu huitaki?" Anajibu, "Haijaniamkia shikamoo." Ndipo tajiri mmoja wa maduara akaja kudai mtoto wa nyumba kama hii yetu, ati yeye ndiye aliyemzaa, kisa shamba la mama mzee aliyemwoa mama wa mtoto limeonekana na dhahabu, tena kwa siri akamwahidi babu duara zima. Babu akamuuliza mtoto tu, mbele ya watu wote: "Ukilia, unakimbilia jiko la nani?" Mtoto akamnyooshea kidole mama mzee. Kesi ikaisha. Kwa hilo wakubwa wakamhamishia babu Ikoma, mbali, akaenda na baiskeli yake, hakuomba kurudi.

Sasa dhahabu imeonekana nyuma ya jiko letu, na Benedicto, aliyewazaa akapotea, anapita hapa na soda. Anataka mmwite baba, basi, mbele ya mashahidi, ili shamba limfuate. Soda kunyweni, shikamoo mpeni, ni mkubwa wenu, lakini hilo neno msimpe, jamani, msimpe.

Hiyo honi. Simioni, achia shuka, mama anabebwa. Nyangi, mchanga mpe bibi, asilale chini. Mungu awakuze pamoja, asiwatenganishe, awape… ngoja, nipumue.

Nyangi, nakuuliza kama babu: ukilia, unakimbilia jiko la nani?

Paza sauti, mwanangu, gari linanguruma.

Eeh. La bibi Rhobi. Sema tena. Endelea kusema, mpaka nisikusikie.