Ndugu wa Tumbo Lipi?

Treni ilijaa. Mbele yangu fundi mwashi, viatu vimeganda saruji, alikuwa akimfokea mama mmoja aliyejitambulisha kuwa anawasaidia wakimbizi kuanza maisha nchini humu. "Watu wa uhamiaji wamenikatalia kumleta ndugu yangu kutoka kambini! Eti nimedanganya, hatukuzaliwa tumbo moja!"

"Kwani ni nani wako?"

"Mtoto wa mama mdogo. Tumenyonya ziwa moja."

"Basi ungesema binamu," mama akasema kwa upole. Upole wa namna hiyo hunipandisha mori.

"Binamu ni mtoto wa shangazi, mama! Huyu alinibeba mgongoni risasi zikilia. Leo nimshushe cheo ili karani aelewe? Akifia kule, nimlilie kama binamu?"

Watu waligeuka. Wengine wakajifanya wanasoma matangazo ya dawa ya meno.

"Sheria yao ndivyo ilivyo," mama akasema. "Punguza hasira, ndugu yangu."

Fundi akamkazia macho. "Ndugu yako? Mimi na wewe tumezaliwa tumbo lipi?"

Treni ikasimama. Mama akashuka.