Shangazi wa Maganda ya Chaza Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu ya maji anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo ofisini, lakini ukimwita hilo hageuki. Kiwanda kizima, kuanzia mlinzi hadi meneja ambaye amemzidi umri, kinamwita Shangazi.

Alianzia karakana ya kuchovya, pale koki na vitasa vinapovishwa shaba na zinki mpaka ving'ae. Inasemekana alihamishiwa maabara kwa sababu ya kicheko chake: akicheka yeye, wachovyaji wote wanacheka, na vitasa vinadondokea kwenye dawa. Akasoma jioni, akapata cheti cha upimaji wa maji, akakitundika juu ya sinki.

Kisha ukaja mwaka ambao wakaguzi walikuta metali nzito nyingi mno kwenye maji tunayoyatoa kwenda mtoni. Tulipewa wiki mbili: maji yawe safi, au lango lifungwe na kila mtu arudi nyumbani. Mtambo mpya wa kuchujia ungechukua miezi kufika. Shangazi alikuwa amejifunza kwamba chokaa iliyomo kwenye maganda ya chaza hunasa metali hizo, basi akaanza kuzunguka mahotelini akiomba taka. Aliporudi na gunia la kwanza, likinuka kweli kweli, mlinzi alimuuliza kama hapa ni kiwandani au jikoni. Akamjibu kwamba ni jikoni, na mwosha vyombo ni yeye mlinzi. Mlinzi aliosha maganda siku nzima!

Hapo ndipo lilipotokea lile kosa maarufu. Kwa haraka zake, Shangazi aliyasaga maganda yakawa laini kama unga, akidhani ndivyo yatakavyonasa zaidi, akajaza pipa la kuchujia. Unga ulipolowa ukagandamana kama saruji. Maji yakakosa pa kupita, yakafurika mpaka uhasibuni, na mhasibu akakutwa amesimama juu ya meza, viatu mkononi. Heri yalikuwa maji ya bomba tu, ya kujaribia.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, humo humo majini. Halafu akainuka ghafla, maana wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Akaagiza nyundo. Meneja akavua tai, wapishi wa kantini wakaja na michi, na wote wakaponda maganda mapya yakawa vipande kama punje za mchele, ili maji yapate kupenya.

Kesho yake mkaguzi alipima maji ya kiwanda yaliyopita humo, akakunja uso, akapima tena kwa kuwa hakuamini. Shaba na zinki zilikuwa chini ya kiwango. Mhasibu alimkumbatia mkaguzi, na hakuna aliyemkataza.

Lango halikufungwa. Ndiyo maana sisi tuliomaliza shule juzi tumekuta kazi hapa, na tumemkuta yeye, akitufundisha kuponda, kupima, na kuandika matokeo mabaya bila kuyaremba.

Asante sana, Shangazi. Leo asubuhi umekaa kwenye kiti, mikono mapajani, hukugusa chupa hata moja. Tumepima wenyewe, tukarudia, na maji yamefaulu kipimo. Nenda ukapumzike kwa raha, cheka unavyotaka, na maisha yako mapya yawe matamu.