Asiyedanganywa na Mng'ao: Bi Asteria Mageni Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Asteria Mageni, yaani Mama Noela wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Anayeandika wasifu huu ni mimi Edward, mmoja wa aliowafundisha kazi.

Mzaliwa wa Mhunze, aliingia maabara yetu hapa Shinyanga mwaka 1994, akipima kwa darubini makohozi ya wachimbaji wa Geita. Utafiti wa dawa mpya ulipoanza, akawa mwalimu wetu wa kuzipachika protini za bakteria wa kifua kikuu alama inayong'aa, ili tuone zinakokwenda. Wafugaji wa kwao humfunga ng'ombe kengele shingoni, si mdomoni, apate kula. Nasi alitufundisha vivyo hivyo: alama isikae pale protini inapofanyia kazi. Tena protini ing'ae namna gani, Mama Noela hampongezi mtu mpaka aipime kama bado inafanya kazi.

Mwaka jana nilipachika alama kwenye protini ambayo bakteria huitumia kuvunja dawa za kifua kikuu. Iling'aa, jamani, mpaka nikanunua soda za watu wote! Nilipoongeza dawa yetu mpya ya kuizuia, protini haikuvunja kitu, nikaandika ripoti kwamba tumeiweza. Mama Noela akaomba niipime bila ile dawa. Haikuvunja kitu vilevile; kumbe protini ilikuwa imekufa siku nyingi. Alama yangu ndiyo iliyoiziba. Ripoti ile ingetoka, wagonjwa wangejaribishiwa dawa isiyo na lolote. Niliona aibu hata chai sikunywa. Yeye hakumwambia mkuu wa maabara. Alimaliza soda yake, akanisaidia kuanza upya.

Sasa alama tumeihamishia mkiani mwa protini. Majibu yanatoka Jumatatu, yeye akiwa ameshaondoka, na sioni haya kusema kwamba naogopa. Usingizi umenipaa wiki nzima. Juzi nilimsihi aje tuyasome pamoja, akakataa kwa upole: "Edward baba, nikija utasoma uso wangu, hutasoma kipimo." Ni kweli. Miaka yote nimekuwa nikiutazama uso wake kwanza.

Mama Noela, asante kwa uvumilivu wako na kwa makosa yetu uliyoyasitiri. Mungu akujalie afya, mvua ya kutosha shambani na wajukuu wasumbufu. Ombi langu ni moja: Jumatatu saa nne asubuhi, tafadhali zima simu, nisije nikakupigia kabla sijasoma.