Magauni ya Krismasi Yaliyopimwa kwa Kalamu

Ndugu zangu wa Kyebando, tumsifu Bwana wa mabohari, ambaye vibanda vyetu pia anavijua! Mimi ni Mama Irene, muuza magauni ya watoto pale Bwaise. Wengi mmeshapatana bei nami, wengine hata mlangoni mwa kanisa. Leo sipunguzi wala siongezi.

Krismasi iliyopita mtaji wangu wote, pamoja na karo ya binti yangu, niliugeuza kuwa magauni: yenye lesi, yenye maua, yenye mikanda ya kung'aa. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena, labda yamepungua. Yasipouzika kabla ya sikukuu, Irene harudi shuleni. Nani ananunua gauni la Krismasi Januari?

Nikatangaza! Nikafunga puto mlangoni, nikakodi spika na bwana mmoja mwenye koo la chuma. Jirani naye akakodi spika kubwa kuliko yangu. Ndugu zangu, tulikuwa tunapigiana kelele sisi wauzaji, wateja wanapita katikati wameziba masikio. Wakiingia, wanashika kitambaa, wanashusha pumzi, wanatoka. Nilidhani ni bei. Nikapunguza mpaka faida ikaisha. Bado wanatoka.

Nikaanza kupatana na Mungu: "Bwana, wewe uza nusu tu, nusu niachie mimi." Halikuuzika hata moja. Ndipo nikapiga magoti nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikalia kweli: "Baba, nimeshindwa. Nionyeshe nisichokiona!"

Sijainuka, namsikia Nalongo mlangoni. Ndivyo tunavyomwita mama wa mapacha, na huyu ni wa kwaya yetu. "Nyabo, bibie, zima hiyo spika! Unamwita nani? Watoto wetu wote wako kijijini!"

Haleluya! Shule zikifungwa tu, sisi wa Kampala tunawapeleka watoto kwa bibi zao, wazazi tunafuata baadaye na nguo za sikukuu mkononi. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado nilikuwa nawangoja watoto waje kujaribu magauni!

Nalongo akashika mawili. "Nayapenda. Lakini wale tangu waende wanashindilia matooke ya bibi yao. Nitajuaje wamefikia ukubwa gani?"

"Mpigie bibi," nikasema. Ilinitoka tu, na namjua aliyeniwekea mdomoni.

Nalongo akapiga, bibi akapima kwa shibiri. Nikamwambia, "Mama, shibiri yako siijui. Chukua kalamu ya wino ya mtoto wa shule." Kalamu ile urefu wake ni uleule, Bwaise na kijijini. Kutoka bega mpaka goti: kalamu nne.

"Pima tena, mama."

"Wewe mwanamke una tabu!" Akacheka, akapima tena. Nne. Pacha wa pili, nne na kipande.

Asubuhi spika nikairudisha, nikaandika kwenye kadibodi: MTOTO YUKO KIJIJINI? NJOO NA SIMU, TUTAMPIMA. Foleni ikafika mpaka kwa jirani! Mabibi wanagombana na wajukuu wasiotulia, wazazi wanacheka dukani, mimi nafunga mizigo. Mabasi ya mwisho yalipoondoka Kampala, nilibaki na gauni moja, nalo lilikuwa na tundu. Irene yuko darasani, jamani! Asante, Yesu!

Na wewe ndugu yangu, ambaye duka limejaa na moyo umekauka, mwamini Bwana. Piga magoti, mwombe. Ukishainuka, muulize mteja anakwama wapi, kabla hujampunguzia hata shilingi.